Naomba ushauri: sabufa mpya au amplifaya ya mtumba kwa laki nane?

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na mziki wa nyumbani. Sebule yangu ni kama mita 4 kwa 5, chini marumaru, kuta tupu, kwa hiyo sauti inagonga na kurudi. Nasikiliza sana dansi la zamani, Sikinde na Msondo, na taarabu ya Unguja. Nataka gitaa la besi lisikike noti kwa noti, na magitaa mengine yasimezane. Dundo la kutikisa madirisha silitaki kabisa.

Kariakoo kwa hela hiyo napata sabufa mpya yenye Bluetooth, flashi na redio. Mbele imeandikwa wati 10,000. Nikigeuza nyuma, kibandiko kinasema inakula umeme wati 80! Hizo 10,000 ni PMPO tu, yaani namba ya kilele ya kutangazia biashara; RMS yake, yaani nguvu halisi inayotoa mfululizo, hawaandiki, na mimi naona ni kumdanganya mteja.

Upande wa pili kuna amplifaya ya mtumba ya Yamaha, wati 50 kila upande kwa spika za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika), pamoja na spika mbili za maboksi ya mbao. Moyo wangu uko huku.

Sasa, ya mtumba nikague nini kabla ya kulipa? Nilipozungusha volyumu ilikwaruza. Ni vumbi la kusafisha tu au ndiyo imechoka? Baadaye nikiifungia spika za omu 4 itaungua? Na kwa umeme huu wa kupanda na kushuka, stabilaiza ya ukubwa gani inatosha? Nataka kununua mwisho wa mwezi.