Mrejesho: yule mpiga ngoma aliyetaka kutunga

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama mwanafunzi wa chuo anayesomea ngoma na marimba anaweza kuishi kwa kutunga muziki. Mmoja wenu alinijibu: andika kile ambacho mikono yako inakijua.

Likizo nikaenda Dodoma kwa shangazi, nikakaa na akina mama wa Kigogo wanaopiga muheme, ngoma wameibana mapajani. Mapigo matatu juu ya mawili, yaani matatu na mawili kwa wakati mmoja, yalinishinda siku nzima. Bibi mmoja akanishika kiganja, akanigongea taratibu mpaka nikaupata mdundo.

Nimetunga kipande cha dakika 6, ngoma nne na marimba. Kikundi cha dansi kimenilipa, tena kimeagiza kingine! Hicho cha kwanza nimekisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Bibi nimempelekea rekodi. Asanteni sana, kwa moyo wote.