Re: Re: Re: Dai la 1908, nyumba ya babu Kibokoni

Mwanaisha, Leicester:
Assalaam aleikum jamaa. Huu ni mwezi wa nne nazungushwa na ofisi moja huko nyumbani Mombasa. Nataka nakala ya dai la babu yake babangu, lile la Land Titles Ordinance ya 1908, sheria iliyowataka wenye ardhi Pwani wadai na kuthibitisha umiliki wao, tujue nyumba ya Kibokoni, Mji wa Kale, aliipataje. Wananiambia nilete nambari ya ploti. Nambari si imo ndani ya hilo dai! Leo naambiwa faili "imetoka". Imetoka kwenda wapi, hakuna ajuaye. Kuna aliyewahi kupata nakala akiwa huku huku ng'ambo? Ni hilo tu.

Faraj, Toronto:
Da Mwanaisha, uko karibu na Kew, kwenye nyaraka za taifa za Uingereza, wasubiri nini? Kadi ya msomaji ni bure, beba kitambulisho na barua yenye anwani. Faili za CO 533, za Colonial Office, wizara ya makoloni, Kenya yote imo. Mimi nilikaa siku tatu nikitafuta habari za Ndia Kuu. Nilisoma malalamiko ya mitaro mpaka nikasikia harufu. Jina la ukoo wetu, hata mara moja.

Athman, Muscat:
Faraj, usimpoteze mwenzio. CO 533 ni barua za Gavana na London, tena zinaanza 1905, mambo ya nchi yetu yalipotoka Foreign Office kwenda Colonial Office. Nani angemwandikia London habari za ukumbi wa mtu Kibokoni? Madai yalisikizwa Mombasa kwa Recorder of Titles, afisa wa kuandikisha hati za ardhi, watu wakaleta mashahidi na hati zao. Asiyedai, ardhi yake iliandikwa ya Serikali, na maskwota wa Pwani wameanzia hapo. Sisi wa mtaa wa Majengo tulikuwa na nyumba bila shamba: kuta zetu, udongo wa mwingine. Mama akitia risiti za kodi ya ardhi kwenye kopo la mafuta ya Kimbo. Lile kopo ndilo arkaivu yetu.

Salma, Minneapolis:
Kwanza ulizeni kama ni wakfu, mali isiyouzwa wala kurithiwa! Ikiwa ni wakfu, uliza Kamisheni ya Wakfu. Ya shangazi yangu tulitambua baada ya ndugu kununiana miaka. Walio Marekani, Chuo Kikuu cha Syracuse wana mikrofilamu za KNA, Nyaraka za Taifa za Kenya: ripoti za mwaka za PC na DC, wakuu wa mkoa na wilaya wakati wa ukoloni. Huna haja ya kupanda ndege hadi KNA, Moi Avenue, Nairobi.

Mwanaisha:
Si wakfu. Na ripoti ya DC haitanipa nambari ya dai.

Faraj:
Basi FCO 141, zile faili za ukoloni zilizofichwa Hanslope Park, Uingereza?

Athman:
Hizo zilifichuka kwa kesi ya wazee wa Mau Mau. Ni siasa, si ploti. Ukitaka siasa, soma barua za Kenyatta na Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, Oktoba 1963, ukanda wa maili kumi wa Pwani, uliokuwa wa Sultani, ulivyotolewa kwa Kenya sisi tukiangalia tu.

Salma:
Mzee Athman, tulikubaliana Mwambao, ule ubishi wa Pwani kujitenga, tusiuguse humu.

Athman:
Hiyo ni historia, binti yangu. Mada si historia?

Salma:
Haya. Kuna anayekuja kutoka Mombasa kabla ya Ramadhani? Nataka mabuyu na achari ya maembe.

Mwanaisha:
Mimi namtafuta anayekwenda, si anayekuja. Anisimamie pale dirishani asubuhi moja tu.

Faraj:
Bi Salma, mabuyu ya rangi au yale meupe? Shemeji yangu anaondoka Alhamisi.