"Ni uzee tu" sio ugonjwa! Daktari ongea na mama yangu, usiongee na mimi

Wakuu nina hasira hata sijui nianzie wapi. Mama yangu ana miaka 78, akili zake timamu, namba za simu za ukoo mzima anazo kichwani. Ghafla ndani ya siku mbili kabadilika, anaongea vitu havieleweki, ananiita jina la marehemu dada yake, usiku hasinzii mchana ndo analala, tukamkimbiza hospitali. Daktari hata hajamwangalia ananiuliza mimi "bibi anasumbuliwa na nini?" na mama kakaa palepale mbele yake! Nimeeleza weee, jibu alilonipa huku macho yako kwenye faili, "huo ni uzee tu, umri huo mlitegemea nini".

Uzee gani unaanza Jumanne, Alhamisi umeshakomaa?? Usahaulifu wa uzeeni unakuja taratibu, miezi na miaka. Mzee akichanganyikiwa ghafla kuna kitu, inaweza kuwa maambukizi, maji yamepungua mwilini, dawa, hata moyo, na wazee wengine wanapata maambukizi makali bila homa yoyote. Haya wanafundishwa darasani jamani, sio siri.

Akalazwa hivyohivyo. Kesho yake asubuhi raundi, wanafunzi wa udaktari kama wanane wamezunguka kitanda, mmoja kamfunua shuka bila hata kumwambia naomba, wawili nyuma wananong'ona kwamba kesi za vizee zinachosha. Nilimuona mama anavuta lile shuka kidogo kidogo kwa vidole viwili afunike mapaja yake. Ile picha hainitoki.

Waliondoka wote akabaki binti mmoja, mwanafunzi vilevile. Akavuta kiti akakaa, shikamoo mama, akamuuliza YEYE. Na hii hali huwa inakuja na kuondoka, asubuhi ile mama alikuwa anajielewa, akamwambia usiku huwa anameza vile vidonge vya mafua vinavyolewesha ili apate usingizi, na wiki hiyo alikuwa ameongeza. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui! Dawa za aina hiyo zinaweza kuvuruga kabisa akili ya mzee, binti akaenda kusema, zikasimamishwa, siku ya nne mama karudi kama alivyokuwa. Dakika kumi tu za kukaa na kuuliza.

Ubaguzi huu wa umri ulipewa jina tangu 1969 na daktari wa Marekani, Robert Butler, na 2021 Shirika la Afya Duniani likasema mtu mmoja kati ya kila wawili duniani anao. Sawa, lakini wewe umeshika maisha ya watu mkononi, huwezi kujificha kwenye hiyo nusu.

Madaktari mliomo humu nijibuni, angekuwa na miaka 30 kachanganyikiwa ndani ya siku mbili mngempuuza hivi? Mama alisikia kila kitu siku ile. Jana kaniuliza, "yule daktari aliyesema mimi nimezeeka, alijua jina langu?"