Land Rover 109 ya Mikindani: rangi yake ya kiwandani nitaijuaje?

Mikindani109
Wakuu, habari za huko. Nina Land Rover 109 (inchi kati ya ekseli) pikapu, Series IIA, toleo la zamani, ya petroli, iko hapa Mikindani. Nataka kuirudishia rangi iliyotoka nayo kiwandani, siyo inayokaribiana. Juu kabisa ni nyeupe ya brashi, chini yake bluu ya anga, halafu kijani iliyokoza. Tatizo liko kwenye ukuta wa chuma kati ya injini na kebini: nikikwangua karibu na pedeli, chini ya kijani inatoka nyekundu ya udongo. Mlangoni nyekundu hiyo haipo, baada ya kijani ni alumini tupu. Ipi ndiyo ya kwanza? Namba ya chasi inaanza na 252, kibati chenye namba hiyo hakina msimbo wa rangi. Fundi wangu anashauri nipeleke mlango Dar ukapimwe kwa mashine ya kusoma rangi, basi. Inatosha?

FundiRangi_Ligula
Mkuu, mlango uache kwanza. Kwenye gari hizi milango, madigadi, boneti na bodi la nyuma vyote vimefungwa kwa bolti, na kwa umri huo vingi vimeshahama kutoka gari moja kwenda jingine. Anza na huo ukuta, kwa sababu kuubadilisha ni kulifumua gari zima. Kisha tafuta kijani hiyohiyo sehemu nyingine tatu ambazo hakuna mtu hupuliza rangi bila kufungua kitu: nyuma ya paneli ya geji, chini ya mito kwenye boksi la viti, na nyuma ya bawaba za mlango. Zikikubaliana zote, umepata. Ikiwa moja tu inapingana, kipande hicho ndicho mgeni.

Nyekundu hiyo karibu hakika ni praima (rangi ya msingi) ya kuzuia kutu, ndiyo maana iko kwenye chuma na kwenye alumini haipo. Hakikisha hivi: isugue kwa kompaundi (dawa ya kung'arishia rangi) na kitambaa dakika mbili. Rangi ya juu itaanza kung'aa, praima itabaki imefifia hata usugue hadi jioni.

Usikwangue kwa kisu, kinaruka tabaka. Tumia msasa wa maji: namba 400 kwenye duara dogo la sentimita 2, kisha panua kwa 800, malizia na 1500. Tabaka zitajipanga kama pete za mti, ya kiwandani ikiwa ya ndani kabisa juu ya praima. Angalia mpaka kati ya kijani na bluu. Ukiona mikwaruzo ya msasa, vumbi au praima nyingine, ujue bluu ilikuja baadaye. Na sugua kwa maji tu, kamwe si kikavu, maana rangi za zama hizo mara nyingi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Vaa barakoa, na maji machafu yasifike kisimani.

Series_Lindi
Naongezea kwenye hiyo 252, maana inakusaidia kuliko unavyodhani. Kwa IIA 109 ya petroli, 251 ni ya soko la Uingereza, 252 ni ya kuuzwa nje yenye usukani wa kulia, 253 ni ya usukani wa kulia iliyosafirishwa kwa vipande ikaunganishwe ugenini. Yako ilitoka nzima. Kwa hiyo unaweza kuomba cheti cha kumbukumbu cha British Motor Museum, Gaydon, Uingereza. Wanazo daftari za uzalishaji, na mara nyingi zimeandika rangi. Ingekuwa 253, rangi ingeweza kuwa imepakwa ilikounganishwa, na daftari lisingekusaidia sana. Kabla ya kulipa, linganisha kibati na namba iliyogongwa kwenye chasi, upande wa kulia mbele, pale springi inaposhikiliwa. Kibati huhamishwa kirahisi. Safisha kwa brashi ya waya taratibu, chumvi ya bahari hula herufi.

Kijani iliyokoza pengine ni Bronze Green, kijani ya kiwandani ya Land Rover. Angalia na rimu chini ya tabaka: mara nyingi zilikuwa Limestone, nyeupe iliyofifia. Wengi huzipaka fedha, na gari linapoteza sura yake.

FundiRangi_Ligula
Kuhusu mashine: ni nzuri, ila inasoma unachoipa. Rangi ya nje imepauka kwa jua, na rangi ya mafuta iliyofichwa gizani miaka mingi hugeuka manjano kidogo, hasa nyeupe. Peleka kifuniko cha boksi la viti badala ya mlango, kipanguse grisi na ung'arishe kwa kompaundi kwanza. Fomula ya kuchanganya rangi ikitoka, usinunue lita 5 papo hapo. Omba robo lita, puliza kwenye kipande cha alumini chenye praima ileile utakayotumia, subiri ikauke kabisa, maana mbichi na kavu hazifanani. Linganisha nje kivulini saa nne asubuhi, kisha juani. Chini ya taa ya dukani rangi mbili tofauti zinaweza kuonekana moja.

Mikindani109
Ahsanteni sana. Rangi za juu nizitoe kwa soda kali (caustic soda)? Naambiwa inang'oa haraka.

Series_Lindi
Hapana kaka! Soda kali inakula alumini yenyewe. Tumia dawa ya kutolea rangi isiyo ya soda, na kikwanguo cha plastiki. Mchanga wa presha nao unapinda bodi. Alumini ikishakuwa tupu, ioshe, isugue kwa 320, uipake praima ya asidi siku hiyohiyo, kwa upepo huu wa bahari usiiache ilale wazi. Ila lile duara la ukutani libakize mpaka rangi mpya ikubaliwe.