Seti ya spana "ya pikipiki" isiyofungua pikipiki: wauza vifaa wa Dodoma, mnatuumiza

Wakuu, salamu. Nina hasira na mtanivumilia nikipaza sauti. Kama una kijana anayeendesha bodaboda, au wewe mwenyewe umechukua pikipiki juzi na unatafuta vifaa vya kuanzia, soma mpaka mwisho kabla hujatoa hela yako.

Mjini hapa zimejaa seti za spana za bei ya chini. Boksi la plastiki gumu, ukilifunua kila kifaa kimelala kwenye shimo lake, vinang'aa mpaka raha. Zinaanikwa kwenye maduka ya spea, zinapangwa chini kwenye turubai, zinarushwa kwenye status za WhatsApp. Maneno ni yale yale: "Seti ya pikipiki, vipande 46." Ninachosema ni kwamba zile si seti za pikipiki. Anayeziuza kwa jina hilo anadanganya, na anamdanganya mtu asiye na hela ya kununua mara mbili.

Mpwa wangu amepata pikipiki ya mkataba (anamlipa bosi hesabu ya kila siku mpaka amalize iwe yake), SanLG ya cc 125. Kijiwe chake kipo Nkuhungu, ila hela yenyewe anaipata kwenye safari ndefu: Mtumba kwa watu wa wizarani, Hombolo, Mvumi. Aliyepita njia ya vumbi ya Mvumi wakati wa kiangazi anajua hali ikoje. Ukirudi cheni imevaa mchanga, eya klina imegeuka rangi ya udongo, nati zimelegea kwa mtikisiko. Na kijana wa mkataba hesabu yake haingoji. Pikipiki ikilala kwa fundi, bosi bado anataka hesabu ya siku.

Nikasema nimtafutie vifaa. Sikutaka vya kushusha injini. Nilitaka amwage oili mwenyewe, atoe plagi aisafishe, akaze cheni, afungue tairi la nyuma likipata pancha huko porini. Basi. Ni kazi ambazo dereva anazimaliza chini ya mbuyu akaendelea na safari.

Nikaingia duka moja mjini, jina nitaliacha. Nikamweleza muuzaji kila kitu: pikipiki ni ya Kichina, cc 125, dereva ndiyo anaanza, anataka vifaa vya kukaa navyo njiani kwa kazi hizo nne. Akashusha boksi. "Hii hapa kaka mkubwa, inafungua pikipiki zote, hata Boxer, hata TVS. Vijana wote wa boda wanachukua hii." Nikaomba kufungua nione. "Hapana kaka, ina nailoni yake, ukichana umenunua." Shilingi 35,000. Risiti ikatoka, na juu yake muhuri mwekundu: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Sasa njooni tuangalie kilichomo. Kuna racheti ndogo, yaani mpini wa kuzungushia soketi, ile ya robo inchi. Soketi zipo 13, zinaanzia namba 4 na kuishia 14 (namba ni milimita). Humo katikati kuna ya nne na nusu, ya tano na nusu, ya 9, ya 11. Naomba mtu mmoja anionyeshe kwenye pikipiki ya Kichina mahali pa kuweka soketi ya nne na nusu. Alenki, zile funguo za pembe sita, zimo pia, na kubwa kuliko zote ni ya milimita mbili na nusu, wakati bolti za alenki kwenye pikipiki huwa za 4, 5 au 6. Zilizobaki ni vichwa vya bisibisi, vidogo, visivyofika hata nusu ya kidole, vya kila umbo mpaka vya kufungulia vifaa vya umeme. Ndiyo hivyo vinavyofikisha 46. Mteja anadhani amepata vifaa vingi, kumbe amehesabiwa vichwa vya bisibisi.

Namba 17 haimo. Naomba mlisome hilo mara mbili. Bolti ya kumwagia oili kwenye pikipiki ile ni 17. Namba 19 haimo, na nati za ekseli, ile nondo inayoshika gurudumu, nyingi ndiko zinakoanzia huko. Soketi ya plagi haimo kabisa. Na cheni hukazi bila kulegeza nati ya ekseli ya nyuma kwanza. Kwa hiyo oili, plagi, cheni, tairi: katika kazi zote nne nilizomtajia muuzaji kwa mdomo wangu, boksi lile haliwezi hata moja.

Kilichoniuma zaidi ni zile namba zinazofaa. 8, 10, 12 na 14 zina kazi kwenye pikipiki, hilo nakubali. Kijana akaona bolti ya mbele inayoshika injini kwenye fremu imelegea, namba 14, akasema angalau hiyo aikaze. Akaweka soketi, akavuta. Soketi ikapasuka ubavuni, kuanzia mdomoni mpaka kwenye kitako, na ule ung'aavu ukabanduka kama ganda la kitunguu. Ndani yake chuma cha kijivu, chepesi. Papo hapo kale kaulimi ka ndani ya racheti, kanakoshika meno, kakaachia, na mkono wa kijana ukaenda kujigonga kwenye mapezi ya injini. Vidole viwili vimechanika. Jioni ile hakwenda kazini.

Kabureta nayo. Skrubu za bakuli la chini ni za nyota. Akaweka kichwa cha nyota, akazungusha, ncha ya kifaa ikajipinda na kuila skrubu njia zake zote. Ikabaki shimo la duara ambalo bisibisi yoyote inateleza. Fundi ilibidi aichanje kwa msumeno wa chuma apate mfereji, ndipo akaitoa kwa bisibisi bapa, taratibu sana, maana bakuli la kabureta ni aloi laini na likipasuka unanunua jingine. Hapo ndipo watu hawaelewi ubaya wa kifaa kibovu. Hakiishii kushindwa kazi, kinaharibu pikipiki. Ukila kona za bolti ya oili, unaanza kupigana nayo kwa nyundo na koleo; meno ya injini yakikatika hapo chini, unamtafuta fundi wa kukereza akukatie meno upya. Na pikipiki ya mkataba si yako mpaka umalize. Ukiiharibu, unajibu kwa mwenye mali.

Soketi zile zimegongwa herufi kubwa ubavuni: CHROME VANADIUM. Chuma chenye kromiamu na vanadiamu ni kigumu na kinahimili kukazwa, ndiyo maana viwanda vya maana hukitumia kwenye spana. Lakini herufi anaweza kuzigonga yeyote juu ya chuma chochote. Fundi alichukua tupa akaipitisha kwenye soketi yetu mara moja, ikachimba na kuacha mfereji na unga. Akaipitisha kwenye spana yake ya zamani, iliyopauka kabisa, tupa ikateleza na kukwaruza kidogo tu. Hakuongeza neno.

Nilirudi dukani na boksi, soketi iliyopasuka na risiti. Muuzaji hakubisha kwamba imepasuka. Alisema kijana amevuta kwa nguvu! Spana ni ya nini kama si ya kuvutwa kwa nguvu? Kisha akanipa suluhisho lake: niongeze 40,000 nichukue boksi kubwa zaidi, "hilo lina mpaka soketi ya plagi". Nikagoma kutoa hela kabla ya kufungua. Baada ya kuzozana akalichana. Soketi ya plagi ilikuwepo kweli, namba 21. Hiyo ni ya zile plagi nene za magari. Plagi ya injini za mtindo wa CG (zilizoigwa Honda CG125), ile D8EA iliyomo kwenye pikipiki nyingi za Kichina, kichwa chake ni 18. Zile ndogo za aina ya C7HSA ni 16. Ukiweka 21 inazunguka bure. Nilipomwambia hivyo alinijibu "wewe kaka unajua sana", akageukia mteja mwingine.

Mteja yule alikuwa kijana wa boda, na alikuwa anaulizia boksi lile lile la 35,000. Nilimwambia pale pale asinunue. Muuzaji akanitaka nitoke dukani kwake.

Kwa wale watakaokuja na "rahisi ghali", na "ungenunua ya laki mbili": hapana, hilo silikubali. Bei ya chini si kosa la mnunuzi. Dereva wa mkataba hawezi kununua seti ya laki mbili, na kwa kazi anazozifanya haihitaji. Kosa ni la aliyeandika "seti ya pikipiki" juu ya kitu kisichofungua pikipiki. Na ushahidi ninao, kwa sababu kwa hela isiyofika ile ile 35,000 fundi alituelekeza tukanunua moja moja, nyingine za mtumba: spana zenye ringi upande mmoja na mdomo wazi upande wa pili, namba 8, 10, 12, 14, 17 na 19. Spana ya plagi ya bomba, 16 upande huu na 18 upande ule. Bisibisi ya kugeuza, nyota na bapa. Plaizi moja. Vipande tisa, vimefungwa kwenye kipande cha turubai na vinakaa chini ya siti. Kijana amemwaga oili, ametoa plagi, amekaza cheni. (Nati za ekseli zinatofautiana, pima ya kwako kabla hujanunua, nyingine zinataka kubwa kuliko 19.)

Kwa hiyo msituambie vifaa vya bei nafuu lazima viwe hivyo. Vinavyofaa vipo, lakini havina boksi linalong'aa, na muuzaji anapata faida kubwa kwenye boksi.

Na wauza pikipiki nao wajiangalie. Pikipiki nyingi hutoka kiwandani na kimfuko cha vifaa, spana ya plagi ikiwemo. Cha mpwa wangu hakikuwepo siku anakabidhiwa, na hakuna aliyejua kimeenda wapi. Mnamtoa mtu barabarani bila hata spana ya plagi halafu duka la jirani linamsubiri na boksi la vipande 46.

Huo muhuri wa "hairudishwi" nao usiwatishe. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi anayoyataka na kutegemea ujuzi wake: bidhaa inatakiwa ifae kwa matumizi hayo. Mimi nilimweleza, neno kwa neno. Na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa. Kusema "inafungua pikipiki zote" kuhusu boksi linaloishia namba 14 ni nini kama si kupotosha? TBS, shirika la viwango, nao nawaomba wazipitie soketi hizi zenye herufi za kujisifu. Zipo wazi madukani, hazijafichwa.

Nyie wauzaji mnaosoma hapa, najua mpo. Mteja akitaka kufungua boksi, mfungulieni. Andikeni nje namba za soketi zilizomo, mwache kutangaza idadi ya vipande. Na kama hamjui plagi ya pikipiki ni namba ngapi, semeni hamjui, mtu aende kwa anayejua.

Mimi sijamaliza na duka lile. Boksi ninalo, soketi iliyopasuka ninayo, risiti ninayo, na picha za vidole vya kijana ninazo. Nataka 35,000 yangu irudi pamoja na gharama ya fundi wa kabureta. Kama kuna mtu humu amewahi kupeleka malalamiko ya aina hii FCC akiwa Dodoma au mikoa ya jirani, naomba aniambie alianzia wapi, aliambatisha nini, na kama hela ilirudi. Na mliouziwa boksi kama hili, wekeni picha ya vilivyomo na bei mliyolipa, jina la duka liacheni kwanza. Nataka nikienda niwe na vielelezo vya zaidi ya mtu mmoja.