Nchi ulizofika: unahesabu kwa kukanyaga, kwa muhuri au kwa kulala?

Mkonzo wa Bwera
Wadau, habari za jioni. Binamu yangu wa Kampala ana programu kwenye simu, kila nchi uliyofika inapakwa rangi. Tumekaa kuhesabu zangu: mimi nasema nane, yeye anasema tano. Tumebishana hadi chai ikapoa. Naomba mnisaidie kulinganisha vipimo.

Kwa kukanyaga, ukiacha Uganda kwetu, ninazo nane: Kenya, Tanzania, Rwanda, Kongo, Sudan Kusini, Ethiopia, Imarati na India. Ethiopia ni pale uwanja wa ndege wa Bole tu, saa saba nikisubiri ndege ya kuunganisha.

Kwa muhuri zinabaki tano. Ethiopia inatoka, Bole sikugongewa. Rwanda inatoka pia, maana mwaka 2017 nilipita mpaka wa Katuna kwa kitambulisho cha taifa, na pasipoti yangu haina alama yoyote. Kongo inatoka pia. Kasindi, ng'ambo ya mpaka wetu, tunavuka siku za soko, nani anagongewa muhuri?

Kwa kulala zinabaki tano vilevile, ila si zilezile! Rwanda inarudi, nililala Kigali siku mbili. Sudan Kusini inaondoka, kwa sababu Nimule, mpakani kwao, nilifika asubuhi na jioni nikawa nimerudi Elegu upande wetu. Vipimo viwili, idadi moja, orodha tofauti. Hapo ndipo nimekwama.

Dereva wa Trela
Ndugu, kukanyaga peke yake usikutegemee. Pale Busia, tangu vituo vya mpaka viunganishwe, ukitoka Uganda kwenda Kenya unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia ndani ya jengo moja, upande wa Kenya. Niliwahi kwenda na taniboi ambaye karatasi zake zilikuwa na kasoro, akarudishwa pale dirishani. Miguu yake ilikuwa juu ya udongo wa Kenya, lakini Kenya haikumpokea. Utamhesabia? Mimi simhesabii.

Muhuri nao una ulemavu wake. Tangu 2014 Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanavuka kwa kitambulisho. Ukishikilia muhuri, nusu ya watu wa mpakani watakuwa hawajawahi kutoka kwao, na hawa ndio wavukaji wakubwa kuliko wote. Hata neno boda boda lilianzia huko, baiskeli zikibeba watu kutoka boda hadi boda.

Nami nina swali langu. Juba nilifika mara ya kwanza 2007, ilikuwa Sudan. Sasa ni Sudan Kusini. Nina nchi moja au mbili?

Binti Arua
Moja, mzee wangu. Wasafiri wengi wanahesabu kwa ramani ya leo, kwa hiyo safari yako ya 2007 inaingia Sudan Kusini. Sudan utaihesabu siku utakayofika Khartoum au Port Sudan. Ukihesabu kwa ramani za zamani utapotea. Hapa kwetu Arua tulikuwa chini ya Wabelgiji wa Kongo, kisha 1910 tukawekwa Sudan, na 1914 tukaletwa Uganda. Bibi mzaa babu yangu angehesabiwa nchi tatu na hakuwahi kutoka shambani kwake.

Mkonzo, kabla ya kipimo chagua kwanza orodha. Umoja wa Mataifa una wanachama 193, Sudan Kusini ikiwa ya mwisho kuingia, Julai 2011. Ukiongeza Vatikani na Palestina, ambazo ni waangalizi, unapata 195. Hiyo ndiyo aliyotumia Jessica Nabongo, aliyezaliwa Detroit kwa wazazi wa Kiganda, alipomaliza dunia nzima Oktoba 2019 huko Shelisheli. Halafu kuna klabu ya Marekani, Travelers' Century Club, iliyoanza 1954. Orodha yao ina sehemu 330, kwa sababu visiwa na maeneo ya mbali vinahesabiwa peke yake. Kwao Zanzibar si Tanzania bara. Na kwao hata ndege ikitua kujaza mafuta tu, umefika! Kwa hao Bole yako inapita bila maswali.

Mimi siikubali. Bole ulivuta hewa ya kiyoyozi, hukuvuta hewa ya Ethiopia.

Mwalimu wa Kisoro
Nami naongeza Sabinyo. Unapanda kwa ngazi za miti zilizofungwa ubavuni mwa mlima, mkono huku ukungu huku, mpaka kilele cha tatu, zaidi ya mita 3,600. Pale Uganda, Rwanda na Kongo zinakutana. Niliwapeleka wanafunzi wanne, kila mmoja akazunguka mara moja akasema amefika nchi tatu. Niliwaambia wamefika mlima mmoja. Hakuna mtu waliyemsalimia ng'ambo.

Mstaafu
Mimi nilikuwa Mogadishu, na kikosi cha Uganda kilichokwenda huko tangu Machi 2007. Nilipelekwa kwa ndege ya jeshi, sikuwa na pasipoti wala muhuri. Nililala Somalia usiku zaidi ya mia tatu. Kwa kipimo cha muhuri sijafika. Yule mwenzetu aliyefia kule, nasi tukarudisha jeneza lake Entebbe, naye hakufika? Muhuri mimi nimeufuta kabisa.

Dereva wa Trela
Pole sana, afande. Hapo sina neno.

Mama wa Bombo
Wanangu, nimesoma yote, nami niseme. Nilikwenda kyeyo, yaani kibarua cha ughaibuni, Riyadh, miaka miwili. Muhuri ninao, kulala nimelala. Kwa vipimo vyenu vyote nimefaulu. Lakini mji wenyewe nimeuona kutoka darini tu, nilipokuwa naanika nguo: matangi ya maji, madishi, na barabara kubwa kwa mbali. Nje ya geti nilitoka mara tatu, mara zote hospitali na mtoto wa bosi.

Niliporudi, shemeji yangu akaniambia, "Wewe Saudia hujaiona." Iliniuma. Kiarabu nilijifunzia jikoni. Kabsa naipika mpaka leo, mchele nauloweka, ndimu kavu natoboa kwa uma kabla ya kutumbukiza. Yule mtoto nilimfundisha kutembea. Kama hiyo si kufika, sijui kufika ni nini. Mimi naihesabu.

Binti Arua
Ihesabu, mama, tena ya kwanza. Nilikuwa naegemea kipimo cha kulala, lakini sasa naona hakitoshi. Napendekeza hiki: je, kuna mtu wa kule ambaye mlifanya jambo pamoja? Mlikula, mliuziana, alikuelekeza njia, mligombana hata. Sabinyo inaanguka, Bole inaanguka, Mogadishu na Riyadh zinasimama.

Mkonzo wa Bwera
Asanteni sana. Mama wa Bombo umenigusa, kwa sababu India yangu ni hivyo hivyo. Nilimpeleka mama hospitali Chennai, wiki tatu, kati ya wodi na chumba cha kupanga mtaa wa pili. Binamu aliniambia hata hiyo niifute. Siifuti. Muuza chai wa pale mlangoni alikuwa akiniona tu anamimina ya mama bila sukari, kabla sijasema.

Ethiopia nimeiondoa. Nimule naiacha, nilinunua samaki tukapunguziana bei kwa Kiswahili. Na Kongo lazima ibaki. Ukivuka mto Lhubiriha wanaongea Kinande, sisi tunaita Lhukonzo, watu ni wamoja, na shangazi yangu ameolewa pale Kasindi. Kwa hiyo ni saba.

Binamu bado anasema Kongo haina muhuri wala usiku mmoja. Shangazi nimempigia simu. Ijumaa ya soko, hali ikiwa shwari, nitabeba blanketi nilale kwake.