Mdogo wangu amepandikizwa kifaa cha kusikia kwenye shina la ubongo, mbona nikimwita hageuki?

Kaka wa Uyole:

Shikamooni wakubwa zangu, na kwa wengine habari za leo. Naomba ushauri wa yeyote aliyeishi na jambo hili au anayelihudumia kitaalamu.

Mdogo wangu wa kike ana umri wa miaka 26. Usikivu wa sikio la kulia ulianza kumpotea akiwa kidato cha nne, la kushoto likafuata, nasi kwa muda mrefu tulidhani ni nta au madhara ya dawa za malaria. Kuna kituo kimoja kilichomuuzia shimesikio, kile kifaa cha kukuza sauti kinachovaliwa sikioni, kwa bei kubwa bila kumshauri apimwe kichwa, na hakuona tofauti yoyote. Baadaye kipimo cha MRI (picha ya ndani ya kichwa kwa mashine ya sumaku) alichofanyiwa Dar es Salaam kilionyesha uvimbe kwenye neva za kusikia za pande zote mbili, na madaktari wakautaja ugonjwa huo kwa kifupi kuwa NF2. Ukoo ulichanga, tukauza na sehemu ya shamba la mpunga la Igurusi, akapelekwa Chennai, India. Huko uvimbe wa upande wa kulia uliondolewa, na katika upasuaji huohuo akawekewa kifaa ambacho kwenye karatasi zake kimeandikwa ABI. Kiliwashwa wiki 6 baadaye.

Sasa ni mwezi wa tano tangu kiwashwe. Tulitarajia angesikia kama zamani, kwa kuwa tunamfahamu mtoto wa mtaani kwetu aliyewekewa kifaa cha koklea Muhimbili, ambaye leo anaongea na bibi yake kwa simu. Mdogo wangu anasema anasikia, lakini sauti za watu wote, yangu, ya mama na ya mchungaji, kwake ni kama mashine ya kusaga iliyoko nyumba ya tatu. Kila jioni ninamjaribu: nasimama nyuma yake, namwita, kisha nataja namba ili azirudie. Mara nyingi hageuki, au hugeukia upande ambao sipo, na namba hukosea karibu zote. Juzi alilia, akakivua, akakaa siku mbili bila kukivaa. Je, kifaa ni kibovu? Tuanze kutafuta nauli ya kumrudisha? Tena kuna majirani wanaosema kuwa tumetumia fedha kutibu kitu kisicho cha hospitali, na maneno hayo yameanza kumwingia mama.

Mhudumu wa Masikio, Mbeya:

Kaka, pole kwa safari ndefu. Kwa ulivyoeleza, sioni dalili ya ubovu wa kifaa. Ninachokiona ni kwamba kila jioni unampa mdogo wako mtihani mgumu kuliko yote, tena katika mwezi wa tano tu.

Kwa kuwa umetaja Igurusi, nitatumia lugha ya skimu ya mpunga. Koklea, lile konokono dogo ndani ya sikio, ni banio, pale maji ya mto yanapoingizwa kwenye mfereji. Neva ya kusikia ni mfereji. Shina la ubongo ni pale mfereji unapofika na maji kuanza kugawanywa kwenye majaruba. Yule mtoto wa mtaani kwenu banio lake liliharibika lakini mfereji ulikuwa mzima, ndiyo maana kifaa cha koklea, ambacho Muhimbili walianza kukipandikiza mwaka 2017, kilimfaa. Kwa mdogo wako uvimbe ulikalia mfereji wenyewe, na ulipoondolewa neva haikubaki. Hata angewekewa banio jipya la dhahabu, maji yasingefika. Kipandikizi cha shina la ubongo, ndiyo hiyo ABI ya kwenye karatasi, hupeleka umeme moja kwa moja ukingoni mwa shamba, mahali panapoitwa kiini cha koklea, kwa kibamba kidogo cha takriban milimita 8.5 kwa 3, ambacho katika aina inayotumika sana kina elektrodi 21, yaani vidoa vidogo vya kutolea umeme.

Ugumu unaanzia hapo. Ndani ya koklea sauti nyembamba na sauti nzito zimepangwa kwa mstari unaofuatana, lakini kwenye kiini hicho mpangilio unaelekea ndani, kwenda chini ya uso, wakati kibamba kimelala juu. Kwa hiyo baadhi ya majaruba hupata maji na mengine hukosa, na mengine mawili hupata maji yaleyale. Ndiyo maana sauti ya mama na ya mchungaji zinafanana. Wagonjwa wengi wa NF2 wanaopata kifaa hiki hutambua sauti za mazingira na husaidika sana katika kusoma midomo. Wanaoelewa maneno bila kuangalia mdomo ni wachache, na wapo ambao hawapati sauti kabisa. Sikuambii haya ili nikukatishe tamaa. Kinachonisikitisha ni kwamba huenda hamkuambiwa kabla ya kuuza shamba.

Kuhusu kugeukia upande usio wako: kutambua sauti inatoka wapi kunahitaji masikio mawili yanayofanya kazi, naye ana upande mmoja tu. Kuhusu marekebisho ya kifaa, msimruhusu fundi yeyote wa nyumbani ayaguse. Pembeni ya kiini hicho cha koklea zinapita neva za koo, za uso na za moyo, na ndiyo sababu siku ya kuwashwa walimfungia mashine ya kuangalia mapigo ya moyo. Elektrodi zinazoleta kizunguzungu, mtekenyo kooni au ganzi mkononi huzimwa, hivyo asishangae akiambiwa kwamba kati ya hizo 21, zinazotumika ni pungufu ya hapo. Akianza kuhisi mambo hayo sasa, avue kile kidude cha nje kinachoshikamana na kichwa na mwasiliane na waliompandikiza. Akiona sauti imedhoofika ghafla, angalieni kwanza betri na waya.

Kuhusu majirani, mwambie mama hivi: ugonjwa huu unatokana na hitilafu ya jeni moja iliyo kwenye kromosomu ya 22. Karibu nusu ya wagonjwa ni wa kwanza kabisa katika familia zao, kwa hiyo kukosekana kwa mgonjwa mwingine ukooni si ushahidi wa uchawi. Mwenye jeni hiyo anaweza kumrithisha kila mtoto atakayemzaa kwa uwezekano wa nusu kwa nusu, na hilo mdogo wako anastahili kuelezwa na daktari kabla ya ndoa, si baada.

Mama wa Gangilonga, Iringa:

Kaka wa Uyole, kamwene. Mimi ninacho kifaa hicho tangu mwaka 2018, kwa ugonjwa huohuo. Mhudumu amesema vizuri yaliyomo kichwani; niruhusu niseme yaliyomo nyumbani.

Siku ya kwanza kilipowashwa nilisikia kijiko kikigusa sahani kama bati linaloparuzwa kwa panga, na sauti ya mume wangu sikuitambua kuwa ni ya binadamu. Miezi mitatu ya mwanzo nilichoweza ni kujua kuna sauti au hakuna, na kama ni ndefu au fupi. Unaweza kudhani hicho ni kidogo. Lakini kwa mtu anayesoma midomo, urefu ni mali kubwa, kwa sababu midomo ya Kiswahili ina udanganyifu wake. Simama mbele ya kioo useme bila sauti: baba, mama, papa. Hutaona tofauti. Sema meza na beza, pata na bata. Sasa sema kaka. Hutaona kitu chochote, kwa sababu neno hilo linatengenezwa nyuma ya kinywa. Umekuwa ukijiita kwake kwa neno ambalo halina umbo mdomoni, tena ukiwa nyuma ya kisogo chake.

Kifaa kinamletea mapigo ya neno: silabi ni ngapi, ipi imekazwa, sauti imekatika au inaendelea. Midomo inamletea umbo. Viwili hivyo vikikutana ndipo neno linapatikana, na kazi ya mwaka wa kwanza, pengine hata wa pili na wa tatu, ni kuvifungisha ndoa. Sisi tulifanya hivi: mume wangu alikaa mbele yangu, taa ikimmulika yeye usoni na si mimi machoni, akataja maneno matatu ya urefu tofauti ambayo nilikwishaandikiwa kwenye karatasi, kwa mfano sita, ishirini na themanini na moja. Nilipoyapata hayo bila kukosea, alifunika mdomo kwa karatasi, lakini kwa maneno yaleyale matatu tu. Kumtajia mtu namba yoyote kutoka nyuma, bila kumpunguzia uchaguzi, ni kumwonyesha kila jioni kwamba ameshindwa. Mimi pia ningekivua.

Kukivua kwenyewe msikuogope. Kusikiliza kwa namna hii kunachosha kuliko kulima. Ikifika saa tisa alasiri mimi hukivua kwa saa nzima, na nyumbani wanajua wasiniongeleshe. Kilicho muhimu ni kukivaa kila siku, kwa sababu ubongo hujifunza kwa mazoea, na kwangu mabadiliko yaliendelea hata baada ya mwaka wa tatu.

Muziki ni jambo la kusamehe. Niliimba sauti ya pili kwaya ya usharika kwa miaka kumi na zaidi. Leo kwaya ikisimama nasikia mapigo tu, na sauti ya kwanza na ya nne kwangu ni kitu kimoja. Huwa naenda na kitabu cha nyimbo na kufuata maneno. Mwaka wa kwanza nilitoka nje kila walipoanza.

Mambo mawili ambayo watu husahau, nayo ni ya hatari. La kwanza, neva iliyobeba usikivu ilikuwa jirani na ile ya kuweka mwili sawa, kwa hiyo gizani anaweza kuyumba na kuanguka, hasa huko kwenu kwenye miteremko na tope la masika. Umeme ukikatika ashike mkono wa mtu au tochi. La pili, barabara kuu ya Uyole ina malori ya Tunduma usiku na mchana. Atasikia honi, lakini hatajua inatoka upande gani, na kusikia nusu namna hiyo kunaweza kumfanya arukie kulekule lori linakotoka. Asivuke kwa kutegemea kifaa.

Mwalimu wa Viziwi, Njombe:

Nimesoma yote, na nina neno moja ambalo huenda halitapendwa. Katika maelezo yote ya kaka, fedha zimetajwa, India imetajwa, shamba limetajwa, lakini Lugha ya Alama ya Tanzania haikutajwa. Binti wa miaka 26 aliyezungukwa na watu wanaomjaribu kusikia anahitaji pia sehemu ambayo mawasiliano hayamgharimu jasho. Anzeni na alama hamsini za nyumbani, familia nzima, si yeye peke yake. Uvimbe wa upande wa kushoto bado upo, na ugonjwa huu unaweza kuleta uvimbe mwingine baadaye, mahali pengine. Asibaki bila lugha siku betri zikiisha.

Mama wa Gangilonga, Iringa:

Mwalimu, kwa hilo la lugha tuko pamoja, ingawa nakumbuka kwamba mwaka wa kwanza mimi mwenyewe nilizikataa alama kwa hasira, nikiona kama watu wananiandikia hukumu. Asilazimishwe, ninyi muanze, yeye atawafuata. Umenikumbusha pia jambo la uvimbe: kwa kuwa atahitaji MRI mara kwa mara, muulizeni daktari kama sumaku ya ndani, ile ya kukishika kidude cha nje kichwani, iliachwa au ilitolewa. Kwangu waliitoa ili isiharibu picha, na kile kidude cha kichwani nakibandika kwa gundi maalumu kwenye sehemu niliyonyoa. Kabla ya kipimo chochote cha MRI au upasuaji wowote, hata wa jipu, aonyeshe kadi ya kifaa.

Kaka wa Uyole:

Nawashukuru sana. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza kujaribu. Majaribio ya nyuma ya kisogo nimeyaacha, na nimemwomba radhi. Sasa tunakaa mezani na maneno matatu. Jioni ya kwanza nilipaza sauti kwa kudhani ninamsaidia, akaniambia, "Usipige kelele, mdomo wako unaharibika, sioni unachosema." Mama yangu alicheka, na sikumbuki mara ya mwisho alicheka lini mezani. Mdogo wangu anauza mchele sokoni Mwanjelwa siku tatu kwa wiki, na ameandika kilo na bei kwenye kipande cha boksi. Mteja hunyoosha kidole huku akitaja, naye hufanya mazoezi hapohapo bila mteja kujua. Sumaku ya ndani ilitolewa, nimehakikisha kwenye karatasi.

Nina swali dogo. Baridi ya mwezi wa saba imeanza, asubuhi kuna ukungu, naye anavaa kofia ya sufu. Akiivaa analalamika kwamba sauti inazibwa, na juzi kofia ilivuta kifaa kikaanguka.

Mama wa Gangilonga, Iringa:

Kofia ya sufu nzito inafunika maikrofoni. Mfumie ya nyuzi zilizoachana, au kata tundu mahali pa maikrofoni na ulipige pindo. Usiku kifaa kilale kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, kwa sababu ukungu wetu huingia hata ndani ya sanduku. Mchele usitumie, una vumbi. Halafu funga uzi imara kutoka kwenye kifaa hadi kwenye ukosi wa blauzi. Mimi changu kiliwahi kuanguka ndani ya gunia la maharage, tukalimwaga lote sebuleni.